Debe Chini ya Koki

Ilikuwa Jumanne, tarehe 11 Julai 1995, saa tatu na robo asubuhi. Anga la Bariadi halikuwa na wingu, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza kuinua vumbi la barabara ya Somanda. Saa hiyo ndipo bomba lilipopasuka ndani ya chumba cha pamba cha Lukresia.

Lukresia, mjane wa miaka hamsini na mbili, alikuwa uani akishona mdomo wa gunia la tisa na la mwisho. Mengine manane yalikuwa yamepangwa chumbani, yakiegemea ukuta. Lori la mnunuzi lingefika kwenye uwanja wa gulio la pamba saa kumi jioni, lingenunua siku hiyo moja, kisha lingekwenda Kiloleli. Tangu msimu uliotangulia, chama cha msingi cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi pekee. Kampuni za watu binafsi zilikuja na mizani zao, kila moja kwa siku yake, na mkulima aliyechelewa alibaki na pamba yake.

Alisikia kwanza bomba likikohoa. Kisha kishindo, kisha mvumo kama wa kitunguu kilichotupwa kwenye mafuta ya moto. Binti yake, Justina, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, alifika chumbani kabla yake. Maji yalikuwa yakiruka kutoka kwenye kiungo cha ukutani, yakitua moja kwa moja juu ya magunia.

Justina alivua kanga, akakandamiza kiungo. Maji yakapita kati ya vidole vyake. Lukresia alikimbilia koki kuu iliyokuwa karibu na njia. Ilikuwa imefukiwa na mchanga, na alipoifukua kwa mikono, kutu iliizuia kuzunguka. Alirudi ndani, akaburuta gunia moja. Akaliacha mlangoni, akachukua mchi, akatoka tena kwenda kuigonga koki. Ikasogea kidogo tu. Akarudi kwenye magunia.

"Mama, chagua moja," Justina alisema. "Koki au magunia."

Akachagua koki. Maji yalipokatika, magunia matatu yalikuwa yamelowa hadi katikati. Sita yalikuwa salama.

Kilichomtia hofu hakikuwa hasara ya pamba. Mumewe, marehemu Mboje, alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi kwa miaka kumi na saba. Wapo wakulima walionyunyizia pamba maji kabla ya gulio ili ivute mizani, na Mboje aliwajua. Alitia mkono ndani ya kila gunia hadi kiwiko. Akikuta unyevu, alisema maneno yaleyale mbele ya wote, bila kupaza sauti: "Gunia hili lina maji. Lirudishe nyumbani." Aliwaambia hivyo majirani, na aliwahi kumwambia hivyo baba mkwe wake. Sasa mke wa Mboje alikuwa na magunia matatu yaliyolowa siku ya gulio. Nani angeamini habari ya bomba?

Jirani wa kwanza kufika alikuwa Nyanjige, ambaye pamba yake ilirudishwa na Mboje mwaka 1983. Alisimama mlangoni mikono kiunoni, akauliza kama kuna aliyeumia, akayatazama magunia moja baada ya jingine.

"Pole, mama Justina," alisema. "Hata mimi mwaka ule lilikuwa bomba."

Mwaka ule nyumba ya Nyanjige haikuwa na bomba. Mtaa mzima haukuwa nalo.

Fundi Luhende alifika kwa baiskeli saa nne na nusu. Alikuwa rafiki wa Mboje tangu ujana. Alichuchumaa mbele ya kiungo, mahali ambapo bomba la chuma liliunganishwa na la plastiki na kufungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, kazi ya Mboje mwenyewe. Lukresia aliuliza kama mpira ulikuwa umeoza. Luhende aliuvuta, ulikuwa mzima. Plastiki ndiyo iliyopasuka, pembeni ya mpira. Akauliza ni koki ipi iliyokuwa wazi maji yalipofika.

Lukresia alijibu kwamba hakuna hata moja, na alijibu kama mtu anayesubiri kusifiwa. Kwa kawaida nyumba hiyo, kama nyumba nyingi za Somanda, iliacha koki ya bafuni wazi na debe tupu chini yake. Maji yalitoka Jumanne au Jumamosi, au siku yaliyoipenda yenyewe, na mlio wa debe ndio uliowaita watu kuja kukinga. Lakini jana yake alifikiria pamba. Aliogopa debe lisije likafurika wakiwa guliona, maji yakatambaa hadi chumbani. Kwa hiyo alifunga kila koki kwa nguvu, na debe akalitoa nje, akaligeuza kiti cha kukalia wakati wa kushona magunia.

Luhende alifuta mikono kwenye suruali.

"Shemeji, maji hayakupasua bomba. Hewa ndiyo iliyopasua."

Alieleza taratibu. Bomba lililokauka siku tatu limejaa hewa. Maji yanapofika yanaisukuma mbele yao. Ikikuta koki wazi, inatoka. Ndiyo kile kikohozi wanachokisikia kila mara. Ikikuta kila mahali pamefungwa, inatafuta mahali dhaifu, na maji yanaigonga kwa nyuma.

"Debe lilikuwa linawaita ninyi," alisema. "Koki iliyo wazi ilikuwa inaliokoa bomba."

Lukresia aliuliza kama Mboje alilijua hilo.

"Alilijua. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilidhani amekwambia."

Luhende alikwenda kutafuta kipande cha chuma, na mama na binti wakaanza kushindana na saa. Waliifungua pamba iliyolowa, wakaitandaza kwenye mikeka upande wa barabara, penye jua. Vumbi likaja. Waliihamishia nyuma ya nyumba, lakini hapo palikuwa na kivuli. Wakaisogeza ubavuni, kuku wakaingia. Kila baada ya muda mfupi Lukresia aliinama kuishika, akainuka, akatazama jua, akainama tena. Saa tisa pamba ilikuwa kavu juu na baridi ndani. Justina alishauri wairudishe kwenye magunia, iliyokauka ikae juu. Itamalizia kukauka njiani, na huo hauwezi kuitwa uongo. Mama yake alimpa sindano.

Magunia yote tisa yalipanda mkokoteni wa ng'ombe. Njia nzima Lukresia alipanga maneno: bomba, kiungo, hewa, Luhende ni shahidi. Aliyapanga upya kila gurudumu liliporuka jiwe.

Mnunuzi alikuwa kijana aitwaye Keneth, wakala wa kampuni iliyofungua mizani hapo kwa mara ya kwanza. Alimsalimu vizuri kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani habari za jioni, mama, bila kuacha kuandika. Aliyapima magunia mawili ya Nyanjige, kisha akaanza na ya Lukresia. Hakutia mkono popote. Alitundika, akasoma, akashusha. Sita yalipokwisha, alilitundika la saba, la kwanza kati ya matatu yaliyolowa, na Lukresia akayatoa maneno yake yote kwa mkupuo mmoja.

Keneth alicheka, si kwa dharau.

"Mayu, mimi nanunua uzito. Hayo maji yatakaukia kiwandani."

Akaongeza kwamba lori la kampuni nyingine linakuja kesho, na kama yeye hajazi lake, wenzake watajaza lao. Watu wa nyuma walimwomba Lukresia asichelewe. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Hata Nyanjige alikuwa akiutazama tu mkono wa Lukresia.

Tangu asubuhi Lukresia alikuwa amejiandaa kujitetea mbele ya mtu. Mtu huyo hakuwapo. Gunia lilining'inia mbele yake, likizunguka polepole kwenye ndoano. Alikata uzi wa mdomo wa gunia, akatia mkono hadi kiwiko. Palikuwa na baridi.

"Gunia hili lina maji," alisema bila kupaza sauti. "Lirudishe nyumbani."

Keneth aligeuka kutafuta anayeambiwa. Lukresia alikuwa amekwisha kulitoa kwenye ndoano.

Keneth aliandika magunia sita, akafunga turubai, akaondoka kwenda Kiloleli kabla jua halijazama. Nyanjige alitembea nyuma ya mkokoteni hadi Somanda, akilishikilia gunia lililokatwa uzi ili lisimwagike. Luhende aliondoa plastiki, akaunga chuma kwa chuma, akafungua koki kuu robo, akasubiri, akafungua robo nyingine. Justina alikuwa ametangulia kufungua koki ya bafuni na kurudisha debe chini yake. Lukresia alitandika mikeka mitatu, akamwaga pamba, akaanza kuichambua ili ikauke hadi ndani.