Mgeni Aliyegeuza Viatu

Mgeni alifika Ngokolo, mjini Shinyanga, saa nane mchana, kwa miguu, akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Gari lake la utafiti wa visima lilikuwa limekatika ekseli njia ya Mhunze. Alivua viatu kizingitini mwa nyumba ya wageni ya Mama Tereza, akavigeuza ncha zitazame nje, kisha akainama na kusema, "Shikamoo, mayu," akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama Tereza aliitikia marahaba, lakini macho yake yalibaki kwenye viatu. Hajaingia, tayari anaondoka. Alinivuta pembeni akaniuliza kama nyumba yake inanuka.

Wakati huo, mwaka 1976, nilikuwa mwalimu mpya niliyetoka chuo kikuu, nimepanga kwake nikisubiri nyumba ya shule. Nilimwendea mgeni nikamuuliza. Alicheka, halafu akaona haya. Aliitwa Morioka. Mama yake ana nyumba ya wageni milimani huko Japani, na kazi yake utotoni ilikuwa kugeuza viatu vya wageni, ili anayeondoka avae bila kuhangaika. Mkono umezoea, alisema.

Tangu nilipomweleza hayo, Mama Tereza hakumwacha apumue. Kwa siku tatu, fundi akishughulikia gari, alimhoji huku akichambua mchele. Wageni wanalala wapi? Chini, kwenye mikeka, godoro linatandikwa jioni na kukunjwa asubuhi.

"Na wanalipa?"

"Wanalipa sana, mayu."

"Basi mimi nimepoteza hela kununua vitanda."

Kilichomshangaza zaidi ni maji. Kuna pipa kubwa la maji ya moto, alieleza Morioka. Mgeni anajisugua kwanza pembeni, anajisuuza, ndipo anaingia, anakaa tu. Akitoka, anaingia mwingine humo humo. Akiwa Shinyanga, alisema, jambo moja tu analolikumbuka kila siku ni kukaa ndani ya maji.

"Hutaondoka kwangu kabla hujakaa," Mama Tereza akamwambia.

Siku iliyofuata mabomba yakakauka. Alibakiwa na pipa moja la maji, la kufulia mashuka, maana kesho yake bwana afya angekuja kukagua. Mwaka uliopita alimfungia nyumba mwezi mzima kwa sababu ya mashuka machafu. Mchana huo huo fundi akaleta habari kwamba gari limepona na mgeni ataondoka alfajiri.

Mama Tereza alilizunguka pipa mara mbili. Kisha akaniagiza kuni.

Morioka aliposikia alikataa kabisa. Hakuna haja, mayu, alisema, nitakaa ndani ya maji nikifika kwetu.

"Utafika kwenu mwakani. Mimi nilisema kwangu."

Tuliliinua pipa juu ya mafiga matatu nyuma ya ua wa mabua. Morioka aliomba ubao wa kukanyagia, asiungue nyayo. Jua lilipopungua alijisugua kwa kopo moja la maji, akajisuuza kwa la pili, akapanda.

Nilimnong'oneza Mama Tereza kwamba, kwa kuwa mtu ameingia akiwa safi, maji hayo yangefaa kufulia. Alilifikiria kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Bwana afya hatajua," akasema. "Lakini mgeni akiyalalia mashuka hayo, mimi nitajua. Maji hayo ni ya mbuzi."

Alikaa juu ya kinu, rundo la mashuka miguuni, akageuzia ua mgongo.

"Morioka, yamefika shingoni?"

Maji yakasikika yakimwagika ukingoni.

"Yamefika, mayu."

Akaokota shuka la kwanza, likiwa chafu vile vile, akaanza kulikunja.