Aliyetoboa Kifuu

Kabla kiharusi hakijamfunga ulimi, hakuna mgeni aliyetoka nyumbani kwa bibi kizee yule bila kusimuliwa habari za kiko cha maji. Baba yake alikuwa seremala. Enzi hizo watu walivuta tumbaku kavu, wakakohoa hadi machozi. Yeye akatoboa kifuu cha nazi, akatia maji nusu, akachomeka juu digali, bomba lenye bori la kutilia tumbaku, na ubavuni mrija wa kuvutia. Moshi ukatoka umepoa. Mtaa mzima ukamwiga.

Mkaza mwana wa bibi kizee aliisikia hadithi hiyo miaka kumi na minane, akiwa amepiga magoti sakafuni akibadilisha maji ya kiko. Siku moja alisahau. Mavyaa wake, bibi kizee huyo, akamnywesha maji yale, meusi kama wino, mbele za watu.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," akasema. "Humu ndani ulimwengu ni mimi."

Wageni wakacheka.

Sasa bibi kizee alilala chumbani, mwili nusu umekufa, masikio mazima. Asubuhi moja akasikia mtu wa makumbusho akikaribishwa sebuleni.

"Kifuu hiki alikitoboa nani?"

"Baba yangu," akajibu mkaza mwana bila kusita. "Alikuwa seremala. Aliwaonea huruma watu kwa kile kikohozi."

Akaisimulia yote, neno kwa neno, hata pale pa kuchekesha hakupakosa. Bibi kizee akajikokota hadi ukingoni mwa kitanda, akaanguka kifudifudi. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mbuzi. Wote wawili wakaja mbio.

"Anasemaje?" mgeni akauliza, akisaidia kumwinua.

"Anataka kuvuta. Daktari kamkataza."

"Na baba yake bibi alifanya kazi gani?"

"Mwizi wa kuku, maskini. Hatupendi kumtaja."

Mgeni akaona haya. Hakumtazama tena bibi kizee usoni. Alikizungushia kiko kitambaa, akaondoka nacho.

Jioni mwana wa bibi kizee alirudi kutoka kazini, akafurahi kusikia kiko kimepata mahali pa heshima.

"Jina la babu wameliandika?"

"Wameliandika," mkewe akajibu, huku akimlisha mama mkwe uji taratibu, akimfuta kidevu kwa upole. Bibi kizee akafumba midomo, uji ukammwagikia kifuani.

"Kula, mama," mwanawe akasema. "Mwenzio kachoka, usimtese."