Kiti cha Shemeji

Huu ni mwezi wa tano niko hapa Madang, mji wa pwani, kwa binti yangu Serah. Watu wanadhani nimekuja kutembea. Nimekuja kwa wivu, na wivu ndio umenikwamisha, ngoja niwaambie.

Kwetu ni Kenagai, huko juu milimani. Barabara hakuna, haijawahi kuwepo. Baba zetu walichimba kiwanja cha ndege kwa majembe na vijiti, kimeinama ubavuni mwa mlima kama paa la nyumba, ndege inatua ikipanda, inaruka ikishuka. Kiwanja hicho nimekifyeka miaka thelathini na nane. Redio ya kuongea na rubani nashika mimi. Mawingu naangalia mimi. Nikisema bonde liko wazi, rubani anakuja. Nikisema limefunga, anabaki kwao. Lakini kupanda hiyo ndege, hata mara moja.

Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu Rebeka, yeye alishapanda mara saba. Jina lake siwaambii. Kwetu jina la shemeji halitoki mdomoni, hata ukiwa na homa. Na yeye langu hataji. Akirudi pwani anakaa nasi tukingoja nguruwe aive chini ya mawe ya moto, anaanza.

"Bahari, shemeji, ukiitazama toka juu imesimama tu. Haina habari na mtu."

"Hiyo ulishatuambia."

"Nakuambia wewe usiyejua. Wanaojua siwaambii."

Watu wanacheka, na mimi nacheka, huku roho inaniuma kama nimemeza kaa.

Basi zamani ndege ilikuja Jumanne na Ijumaa. Mafuta yakapanda bei, ikabaki Jumanne. Yakaadimika kabisa, ikawa mara moja kwa mwezi, na mwezi mwingine haiji. Kahawa yetu ikavunda ghalani. Halafu rubani Aisak akaniambia redioni, "Mzee, wiki ijayo nakuja. Kiti kimoja. Baada ya hapo sijui, mapipa yanakwisha."

Tukakaa kikao. Nikasimama. Nikasema Serah amejifungua mtoto wa kiume, amempa jina langu, sijamwona, na magoti haya hayawezi mwendo wa miguu wa siku nane. Wakasikiliza vizuri tu, kisha kiti wakampa shemeji. Eti yeye anawajua wanunuzi wa kahawa, ataongea nao waje wenyewe na wapagazi.

"Na wewe ukiondoka," wakasema, "nani atasoma mawingu aite ndege?"

Yaani kosa langu ni kufanya kazi vizuri. Nikamtazama mke wangu.

"Kaka anaijua njia," akasema.

Mke wangu mwenyewe.

Sasa kampuni ya ndege ina sheria yake. Jina la abiria litajwe redioni kabla ndege haijaondoka huko pwani, na sauti wanazozikubali ni mbili tu, yangu na ya Rebeka. Safari zote saba za shemeji, Rebeka alisimama nyuma yangu akalitaja jina yeye. Siku hiyo asubuhi nikamwambia, "Mama, nguruwe wameingia shamba la juu, wanamaliza viazi." Akakimbia. Nguruwe hawakuwepo. Niliwaingiza mimi kwa mdomo.

Shemeji akaja na viatu vimepakwa mafuta ya nguruwe, vinang'aa. Akapanda mizani ya kahawa. Kilo sitini na mbili. Nikawasha redio.

"Bonde liko wazi," nikasema.

"Vizuri," akasema Aisak. "Jina la abiria?"

Nikaachia kitufe cha redio.

"Mzee Bomai, jina. Mafuta hayaningoji. Nisipopata jina, kiti nakipeleka bonde la pili."

Shemeji akageuka. "Dada yangu yuko wapi?"

"Shambani."

"Leo?"

"Nguruwe."

Akanitazama, mpaka nikajifanya nafuta vumbi kwenye redio. Nilingoja atukane. Angetukana ningejisikia nafuu.

"Haya," akasema. "Taja unaloweza kutaja. Kiti kisiende bonde la pili."

Nikataja langu.

"Wewe mwenyewe?" Aisak akacheka. "Siku imefika. Kilo ngapi?"

Hamsini na nne. Shemeji akanivisha mfuko wake shingoni, ndani ameweka kahawa ya kuonyesha. "Ukiwaona wanunuzi," akasema, "usiwe bubu hivyo."

Nikapanda. Bahari nikaiona toka juu, na kweli imesimama tu, haina habari na mtu. Ikaniudhi. Nilitamani awe alidanganya.

Mjukuu nimembeba, ananivuta ndevu, sina neno. Kwa wanunuzi nilikwenda, nikamwaga kahawa mezani, maneno yakanikauka. Mmoja akauliza, "Yule mzee mcheshi hakuja?" Kahawa hawajaikataa, hawajaikubali. Na ndege ya kunirudisha ndiyo hiyo naingoja. Uwanja wa hapa ndege zimepangwa zimefunikwa matambara, kuku wanataga chini ya mabawa.

Juzi Rebeka akapanda kilimani kwenye mtandao, akanipigia. Habari ya nguruwe alishanisema siku ya kwanza, hairudii.

"Redioni anakaa kaka," akasema. "Kampuni imemwandika."

"Kwenye kiti changu?"

"Akae wapi, chini?"

"Na mawingu anayajua?"

"Amejifunza. Kila asubuhi anawaambia bonde liko wazi. Wanamjibu mafuta hakuna."

"Na nyasi?"

"Anafyeka. Watu wanasema kiwanja hakijawahi kupendeza hivi."

Miaka thelathini na nane, halafu niambiwe hivyo kwa simu. Nikasema, "Ndege yenyewe haiji. Anamfyekea nani?"

"Anakufyekea wewe. Anasema mafuta yakipatikana hata kwa siku moja, shemeji asije akashindwa kutua kwa ajili ya majani."

Rebeka akaita, "Baba Serah? Upo?"

"Nipo. Anaanzia wapi kufyeka, juu au chini?"

"Chini."

"Mwambie aanzie juu," nikasema. "Akianzia chini, majani yanaziba mfereji wa maji."