Herufi Ndani ya Mlango

Katika karakana ya Vaudagna ya kuunda mabodi ya magari, pale Torino, Italia, bati halikupakwa rangi mpaka mkono wa Celestino Gribaudo upite juu yake. Hiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa mahali popote. Vipimo vilikuwepo, taa zilikuwepo, wahandisi wenye shahada ukutani walikuwepo. Lakini mlango ulipotoka kwa mgonga bati uliwekwa kwenye meza yenye blanketi, Celestino akavaa glavu ya pamba, akafumba macho, akaupapasa taratibu kutoka ncha hadi ncha. Akisema "umepita", anaandika kwa penseli herufi mbili za jina lake upande wa ndani, C.G., na mjadala umekwisha. Hata Bwana Vaudagna mwenyewe, ambaye aliwafokea wachoraji mpaka wakalia chooni, hakuwahi kuubishia mkono ule.

Shida ni kwamba tangu Novemba mkono huo ulikuwa umekufa ganzi.

Celestino aligundua jikoni kwake. Asubuhi moja aliinua birika la kahawa kutoka motoni, akamimina vikombe viwili, kisha akaendelea kulikumbatia kwa kiganja huku akimsimulia mkewe habari za mpira. Irma ndiye aliyesikia harufu.

"Celestino, unaungua."

Akatazama. Ngozi ya kiganja ilikuwa imenyanyuka, na yeye hakuhisi hata joto. Miaka arobaini ya mashine za kusugulia, zile zinazotetemesha mtu mpaka mifupa, na baridi ya karakana zisizo na jiko, zilikuwa zimemaliza kazi yao kimyakimya. Daktari alimwambia hakuna dawa. Irma alimwambia aende kwa bosi aseme ukweli. Akasema ataenda wiki ijayo.

Usimcheke haraka. Alikuwa na miaka hamsini na saba, hakujua kuchora, hakujua kugonga bati vizuri kuliko wengine, hesabu zilimpiga chenga tangu shule. Alichokuwa nacho ni mkono. Mjini walimwita hivyo hivyo, Mkono, na akiingia baa, watu wa karakana shindani walimpisha kaunta. Bila mkono angekuwa mzee wa kufagia vipande vya alumini, na alilijua hilo kila alipoamka.

Majira hayo hayo karakana ilikuwa inatengeneza Damigella. Lilikuwa gari moja tu, la kupelekwa kwenye maonyesho ya Jeniva mwezi Machi, na nyuma yake hapangekuwa na la pili. Sedani ndefu, ya chini, milango minne, na ubavuni mstari mmoja tu, uliotoka kwenye taa ya mbele ukaenda mpaka mkiani bila kukatika. Mchoro wake wa ukubwa kamili ulifunika ukuta mzima, na wagonga bati walikuwa wakipita mbele yake na vibati vyao vya chakula wakipunguza mwendo. Ulikuwa mstari mzuri. Mimi sina maneno mengine.

Uzuri huo ulikuwa na bei yake kwa wahandisi. Kati ya mlango wa mbele na wa nyuma hapakuwa na nguzo. Ukiifungua yote miwili, ubavu wote unabaki wazi kama sebule. Gari lisilo na nguzo hulegea katikati kama godoro la zamani. Kwa hiyo walificha masanduku ya chuma chini ya vizingiti, na ndani ya kila mlango wa nyuma wakaweka bamba la chuma lenye makufuli mawili, moja la kung'ata paa na jingine la kung'ata sakafu. Bamba hilo lilipigwa ribiti baada ya bati la nje kwisha kugongwa, na ribiti, yaani misumari ya kubana chuma kwa chuma, kama ajuavyo kila aliyewahi kushika nyundo, huvuta bati.

Mlango wa nyuma wa kulia uligongwa na Oreste Piovano. Yeye na Celestino walikuwa wamekula meza moja kwa miaka ishirini, mmoja akichokoa dagaa wa Irma, mwingine akiiba jibini la mwenzake. Oreste alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega makubwa na maneno machache. Ribiti zilipokwisha, aliuleta mlango kwenye blanketi.

"Mzee, vaa glavu yako uje," alisema. "Bibi harusi amefika."

Celestino alivaa glavu, akafumba macho, akapapasa. Hakuhisi kitu. Siku zote, asipohisi kitu maana yake bati ni safi. Alipitisha mkono mara ya pili, polepole zaidi, akiigiza, maana Oreste alikuwa anamtazama.

"Umepita."

Oreste hakuuchukua mlango. "Hapa chini ya mstari, karibu na kufuli. Mbona mimi nahisi kama kuna kitu?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Kama wimbi. Dogo."

"Wewe tangu lini unahisi?" Celestino alicheka, na kicheko chake kilimkera mwenyewe. "Wewe gonga, ndugu yangu. Kuhisi niachie mimi."

"Rudia basi. Vua glavu."

Oreste aliposema vua glavu, alikitazama kiganja cha mwenzake, pale kovu la birika lilipokuwa bado jekundu. Alilitazama kwa muda. Celestino akaikaza glavu kwenye vidole, akachukua penseli, akaandika C.G. upande wa ndani.

"Nimesema umepita, Oreste."

"Haya. Umepita."

Hapo ndipo palipoharibika, na ni kosa ambalo watu wa karakana ile tu wangeweza kulifanya. Kungekuwa na mwanagenzi asiyejua heshima, angechukua taa akalimulika bati ubavuni, wimbi lingeonekana na kunyooshwa mchana uleule. Lakini hakuna aliyemulika bati ambalo Mkono umelipitisha. Ingekuwa matusi.

Na huenda lisingeonekana kamwe. Damigella lilipangwa kupakwa rangi ya fedha, na rangi ya fedha inasamehe. Inatawanya mwanga, inaficha. Celestino aliitegemea rangi hiyo kama watu wanavyomtegemea mtakatifu wao. Milango ikafungwa ndani kwa ngozi nyeupe ya mbuzi iliyogundishwa kwa ustadi, herufi zote zikafunikwa, akaanza kulala vizuri tena.

Wiki mbili kabla ya Jeniva, Bwana Vaudagna alisikia kwamba washindani wake wawili wanapeleka magari ya rangi ya fedha. Alishuka karakanani na koti lake la sufi ya ngamia begani.

"Letu litakuwa jeusi," alisema. "Jeusi kama piano."

Celestino alikwenda chooni, akajifungia huko mpaka kengele ya chakula.

Gari lilitoka kwenye chumba cha rangi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, likisukumwa na watu sita. Juu yake ziliwaka taa ndefu za darini, na mwanga wake ulitiririka juu ya weusi ule kutoka taa ya mbele, ukapita mlango wa mbele, ukafika mlango wa nyuma wa kulia. Pale ukapinda. Ukaingia ndani kidogo, ukatoka, ukaendelea na safari. Ukubwa wa wimbi lile ulikuwa kama kiganja cha mtoto. Wote sita waliacha kusukuma.

Bwana Vaudagna aliinama, akausogeza uso wake kushoto, kisha kulia. Alipoinuka hakuwa amekasirika, na hilo lilitisha zaidi.

"Nani amegonga mlango huu?"

"Mimi," alisema Oreste.

"Na nani ameupitisha?"

Herufi zilikuwa chini ya ngozi, na kuibandua ngozi ile ilikuwa kazi ya siku nne ambazo hawakuwa nazo. Lakini nani hakujua? Macho yote yakamgeukia Celestino. Nataka kusema kwamba alipambana na nafsi yake. Nilimfahamu vizuri, na sidhani kama alipambana. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mlango ulipotoka mikononi mwangu ulikuwa safi, bwana mkubwa. Niliupitisha kabla ya bamba la kufuli. Kama kuna mtu aliupiga ribiti halafu hakuurudisha kwangu, mimi nitajuaje?"

Oreste aligeuza kichwa, akamtazama. Hakuwa na uso wa mtu aliyetukanwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba gunia, kisha mwenzake akapanda juu ya gunia.

"Ni kweli?" aliuliza Bwana Vaudagna.

Oreste alifuta mikono yake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Mkono haukosei," alisema.

Akaenda kukusanya nyundo zake. Zilikuwa kumi na tisa, za mbao na za chuma, alizifunga ndani ya taulo, akaondoka kabla ya kengele ya chakula.

Kule Jeniva Damigella liliegeshwa ubavu wa kulia ukielekea ukuta, na kamba nyekundu ikawekwa ili mtu asizunguke. Magazeti yalilisifu. Picha zote zilipigwa upande mmoja, na wasomaji wakadhani ni mtindo. Torino nayo ni mji unaosema sana: kabla ya Pasaka kila karakana ilijua kwamba Oreste Piovano huficha mabati yake yasikaguliwe. Hakupata kazi kwa mgonga bati yeyote. Akaenda kiwandani, kwenye mashine kubwa za kukandamiza bati, kazi ambayo haihitaji mtu bali mikono miwili inayotii kengele. Mwezi wa Mei mashine ikamchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Celestino aliambiwa akiwa baa, na aliyemwambia alimnunulia kinywaji kumfariji, maana yeye na Oreste walikuwa marafiki.

Mwezi wa Juni alipatikana mnunuzi wa Damigella, tajiri mpweke aliyetaka gari ambalo hakuna mwingine duniani angekuwa nalo. Bwana Vaudagna akaamuru mlango ubanduliwe ngozi, bati linyooshwe.

"Nitabandua mimi," Celestino alisema haraka mno.

"Wewe? Hiyo kazi ya fundi wa viti."

"Ngozi ile ni laini, bwana mkubwa. Inataka mkono."

Alijua anachokitaka. Tangu Machi hakuwa ameota kitu kingine zaidi ya herufi zile mbili, zilizoandikwa juu ya bati palepale kwenye ribiti, nusu ya C ikiwa imepanda juu ya kichwa cha ribiti ya tatu. Mtu yeyote angeziona angejua mlango ulipitishwa baada ya bamba. Mate kidogo kwenye dole gumba yangetosha kuzifuta.

Akasubiri wenzake waende kula. Akapasha gundi, akachomeka kisu cha mfupa, akaivuta ngozi sentimita kwa sentimita. Ribiti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akalowesha dole gumba.

Herufi hazikuwepo. Palikuwa na doa la kijivu, la penseli iliyokwisha kufutwa na mtu mwingine, na juu ya kichwa cha ribiti ya tatu ukingo wa C ambao kidole hakikuufikia. Chini ya doa, kwa mwandiko mzito wa mtu asiyependa kuandika, palikuwa na herufi nyingine mbili, O.P., na tarehe. Tarehe ilikuwa ya siku ileile mlango ulipopitishwa. Oreste alizifuta za mwenzake na kuweka zake siku hiyohiyo, kabla ya ngozi, kabla ya rangi nyeusi, wakati hakuna aliyekuwa ameuliza chochote.

Celestino alikaa sakafuni. Waliporudi kutoka kula walimkuta hapo, wakadhani ni joto.

Jioni, jua bado likiwa kali, alipanda ngazi za nyumba ya Oreste, ghorofa ya tatu, kwenye roshani inayozunguka ua. Oreste mwenyewe alifungua. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Nimefungua ule mlango," alisema Celestino.

"Najua. Kama usingeufungua usingekuja."

"Ulijua habari za mkono wangu."

"Nililiona kovu. Mtu mwenye mkono hai hawezi kuungua vile, anarusha birika." Oreste aliegemea kizingiti. "Nikasema, ni rangi ya fedha, haitaonekana. Na ikionekana, wakibandua, wakute jina langu. Mgonga bati akikosea anafokewa, anarudia. Lakini wewe ungekuwa umekwisha."

"Oreste, nitamwambia Vaudagna. Kesho. Mbele ya wote."

"Mwambie."

"Watakurudisha."

Oreste alitoa mkono mfukoni. Palikuwa na dole gumba na kidole cha mwisho, na katikati ngozi ya waridi iliyokazwa kwa nyuzi. Hakuuinua kumwonyesha. Aliutoa tu kwa sababu alihitaji kushika mlango, na mlango wenyewe aliushika vibaya.

"Unajua, ungenyamaza siku ile, yangekwisha," alisema. "Ningesema ni mimi, Vaudagna angepiga kelele, tungekwenda kula. Nilijiandaa na kimya chako, Celestino. Mdomo wako sikuuandalia."

Celestino aliuchukua mkono ule kwa mikono yake miwili. Hakujua atafanya nini nao. Aliubana, au alidhani anaubana, na akaangalia uso wa Oreste ili ajue kama anamuumiza.

"Niachie," alisema Oreste. "Unaniumiza."

Naye akaachia, maana ameambiwa.