Kikombe cha Pili

Sorcha alikuwa ameubana usukani kama anayetaka kuunyonga. Tangu watoke nyumbani Athlone, katikati ya Ireland, kuanza likizo, aliomba jambo moja tu: wafike kisiwa cha Inis Fada maji yakiwa yamekupwa, wavuke mchanga kwa gari, mama yake aione nyumba aliyozaliwa kabla macho hayajazima kabisa. Daktari alishasema mwaka huu hautaisha yakiwa bado yanaona. Majabali, magofu ya ngome, kupiga picha kondoo, vyote hivyo aliwaachia wenye nafasi.

Lakini kumpitisha mama huyo, Bairbre, mbele ya nyumba za jamaa zake wa pwani ya Connemara bila kusimama ni sawa na kumpitisha mlevi mbele ya kilabu. Jana siku nzima iliishia kwa binamu. Leo, kisiwa kikiwa karibu kabisa, wamesimama tena, kwa Nan, mjane wa kaka yake.

"Hatukai, wifi," Bairbre alisema mlangoni. "Tumepita kukusalimu tu."

"Kikombe kimoja cha chai."

"Hapana, usijisumbue."

"Birika limeshachemka."

"Haya, kidogo tu, ya kulowesha ulimi."

Sorcha aliujua wimbo huo, beti zote. Kukataa mara ya kwanza ni adabu. Kukataa mara ya tatu ni tusi. Ukishakubali, hutoka mkate wa soda na siagi, hutoka keki ya zabibu, kisha hutoka habari za waliokufa, mmoja mmoja na ugonjwa wake.

"Tulia, mke wangu," alisema Fergal, mumewe, kinywa kimejaa. "Bahari haina miguu."

"Haina miguu na inakuja! Kula keki yako unyamaze."

Alimwinamia mama yake. "Mama, maji yanaanza kujaa. Twende."

Bairbre akasukuma kikombe mbele. "Nan, humo birikani imebaki?"

Nyongo ikampanda Sorcha. Alitoka nje kwenye manyunyu akaupiga teke ukuta wa mawe, akaambulia kuumia kidole.

Walipofika ufukweni, nguzo za kuonyesha njia zilikuwa zimezama hadi shingoni. Inis Fada ilikuwa ng'ambo ya pili, ndani ya ukungu. Kesho ilikuwa siku ya kurudi. Fergal, safari hii, alijua kubaki ndani ya gari.

"Furahi sasa!" Sorcha alifoka. "Nimeomba ruhusa kazini, nimeendesha hadi kiuno kinawaka moto, na wewe umekunywa chai ya Connemara nzima! Si umezaliwa hapo? Hujui maji yanajaa saa ngapi?"

"Najua," alisema Bairbre. "Nilivuka hapa kila siku kwenda shule. Maji haya niliyajua kabla sijajua kusoma."

Sorcha alimgeukia mzima mzima.

"Nan alinipigia simu wakati wa Krismasi. Paa la nyumba yetu limeanguka. Ng'ombe wanalala jikoni kwa mama yangu." Bairbre alijifuta mvua usoni. "Nyumba niliyo nayo kichwani ina paa, mwanangu, na moshi unatoka. Sitaki macho yangu yazime na picha ya mavi ya ng'ombe."

"Si ungeniambia!"

"Ulikuwa umefurahi mno. Ulininunulia hadi viatu vya tope."

Hasira ilikuwa bado imemjaa Sorcha kifuani, ila sasa haikuwa na pa kwenda. Alimwonea huruma mama yake, na huruma hiyo nayo ilimuudhi.

"Basi unataka kuona nini?" aliuliza kwa ukali.

Bairbre aliipa bahari mgongo. Akamshika binti yake kidevu, akamsogelea karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Acha kununa kidogo," alisema. "Uso huu ndio nitakaobaki nao."