Mtama Mfupi wa Nyuma ya Jiko

Nina hasira za karibu, na siku ile zilinishinda. Nilifika shambani kwetu Kasha na daftari langu nikaukuta mtama wangu umesimama mrefu wote, umepangana vizuri. Miche mifupi haikuwepo hata mmoja.

Mifupi ndiyo iliyokuwa utafiti wangu wa chuo. Katika kila miche minne, mmoja ulibaki chini ya goti, kwa sababu ya jeni moja tu iliyoharibika. Nilitaka kuidondoshea homoni ya kurefusha. Ikirefuka, basi ilikosa homoni. Isiporefuka, basi inayo ila haiisikii kabisa. Profesa Edouard, msimamizi wangu, alikuwa anakuja Alhamisi kuitazama. Bila hiyo, mwaka wangu mzima ulikuwa umekwenda na maji.

"Nimekupunguzia shamba," alisema maman Adélaïde, shangazi aliyenilea, akijipangusa udongo mikononi. "Ile mifupi ilikuwa na ugonjwa. Inakula mbolea bure. Niliing'ola."

Hivyo ndivyo akina mama wa kwetu wanavyopunguza mtama: mrefu hubaki, mfupi huondoka. Nilijua, na sikumwonya. Hata hivyo nilimpigia kelele mbele ya majirani mpaka pumzi ikaniisha.

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, penye udongo mweusi wa majivu. Miche ilikuwa pale, imepandwa upya kwa mistari, imemwagiliwa, imekingwa jua kwa majani ya mgomba. Nilihesabu thelathini na saba.

"Maman, si ulisema iko na ugonjwa?"

"Sasa mugonjwa banamutupaka?" Alicheka. "Wewe ulifika kwangu na miaka ine, yatima, mufupi kama kinu. Batu banasema huyu hatakomea, hatakuwa mukubwa. Nilikutupa?"

Nilipiga magoti kwenye majivu nikalia. Nilimwomba msamaha kwa sauti, ili majirani walionisikia mwanzo wasikie na mwisho.

Alhamisi tulidondosha homoni, profesa na mimi. Baada ya wiki mbili mashina yalikuwa yamepita goti. Haikuwa migonjwa; ilikosa kitu kimoja tu, na ilipokipata ilikipokea.

Kwenye ukurasa wa shukrani wa kitabu changu cha utafiti, nilimweka maman Adélaïde mbele ya profesa. Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Andika na hii: ni miye niliing'ola."

Nikaandika.