Halua ya Kuazima

Kamati ya mtaa ilikuwa inakuja kuangalia kama Hosiyat ni maskini kweli, na Hosiyat, Mungu amsamehe, akaenda kuazima halua.

Usimcheke. Huku bonde la Fergana mgeni hakalishwi mbele ya kitambaa cha kulia kilicho kitupu, hata kama amekuja kukupekulia debe la unga. Mumewe, Tolib, alianguka kutoka jengo alilokuwa akijenga huko Urusi, akarudishwa miguu imekufa, na sasa alikuwa wa kulala tu chumba cha ndani. Watoto walishindia chai na mkate mkavu. Bila posho ya serikali, baridi ile wasingeivuka. Hosiyat alilijua hilo vizuri, na bado akagonga kwa jirani.

"Inobat, shoga yangu, nisitiri. Nina wageni."

"Wageni gani? Si wale wa kukagua umaskini wako? Wape maji wanywe, waende zao."

"Halafu mtaa huu nitapita na uso gani?"

Inobat akaguna, akamtolea halua, lozi, zabibu kavu na mkate wa moto. "Nimeviweka kwa harusi ya mwanangu hivyo. Watakavyobakiza unirudishie."

Mwenyekiti Sobirjon aliingia na wenzake wawili, wakavua viatu, wakakaa, wakamega mkate. Shahlo, binti mdogo wa Hosiyat, alichungulia mlangoni akimeza mate. Mama yake alimkata jicho, mtoto akarudi kwa baba.

Mwenyekiti alikula kwa raha zake, macho yakizunguka chumba. "Mashallah, dada Hosiyat. Nyumba hii ina neema."

Hapo ndipo Hosiyat alipong'amua kuwa halua imemponza. Akajikaza. "Mzee, hatuna kitu. Wallahi nyumba hii haina kitu."

Mwenyekiti akatabasamu. Kila mwanamke wa bonde hili, hata aliyechinja kondoo, huwaambia wageni kwamba hana kitu, wamwie radhi. Ndiyo adabu yenyewe.

"Usiseme hivyo, dada. Mikono yako ina baraka."

"Sisemi kwa adabu, mzee. Vyote hivi ni vya kuazima."

"Haya, na wewe nawe," akacheka, akawageukia wenzake. "Mnamwona mtu aliyelelewa akalelewa?"

Wakainua mikono wakamwombea riziki iongezeke. Na kwa kuwa mgeni haachwi aondoke mikono mitupu, Hosiyat akawafungia wajukuu wa mwenyekiti halua iliyobaki. Alijichukia huku akifunga, lakini alifunga.

Mlangoni mwenyekiti akasema kwa upole, "Posho hii, dada, tuwaachie wenye njaa."

Mimi nasema, na wa kununa anune: msaada ambao huupati mpaka ujivue nguo mbele ya watu, huo ni fedheha. Mume yuko kitandani, mtaa mzima unajua. Kilikuwa kinakaguliwa nini? Wangempa tu, yakaisha.

"Wamesemaje?" Tolib aliuliza kutoka ndani.

"Wamesema tunajiweza."

Tolib akageukia ukutani. Shahlo alikuwa ameshachuchumaa kwenye kitambaa, anaokota makombo kwa ncha ya kidole.

"Mama," akasema, "na sisi tutakuwa wageni lini?"